Matanga ya Moyo wa Bi Leokadia

1

Moyo wa Bi Leokadia Tawete uliikataa Tulizo Jumanne asubuhi, mbele ya macho yangu, na ilipofika saa ya chakula mkurugenzi alikuwa na swali moja tu: matanga ya huyo mama yanaondolewa lini?

Mwanzoni sikumwelewa. Nilikuwa bado nimeduwaa na nilichokiona. Ndani ya chumba chetu chenye joto la mwilini wanakaa wajumbe wa Baraza, vipande vya moyo vidogo kama punje za mchele, kila kimoja juu ya kigae chake cha kioo, kila kimoja kikidunda kwa mwendo wake. Hakuna dawa inayouzwa nchi hii kabla haijapita mbele yao. Asubuhi ile tuliwadondoshea Tulizo, dawa mpya ya homa ya mabondeni, na wajumbe wote walitulia vizuri tu, wa Kigoma, wa Pemba, wa Manyara, mpaka mashine ilipofika kwenye kigae cha mjumbe wa Songea. Ule moyo ulidunda, ukachelewa, ukadunda tena vibaya, kisha ukaanza kutetemeka bila mpango kama kuku aliyelowa. Halafu ukanyamaza.

Nilimwambia msaidizi wangu auoshe upesi. Dawa ilipoondoka, moyo ulikaa kimya kidogo, ukashtuka, ukaendelea na kazi. Tukarudia. Ulikataa tena. Tukapunguza dawa hadi nusu, ukakataa tena.

Bi Leokadia alikuwa mpishi wa shule, mama mnene mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani. Damu yake niliitoa mimi kwa mkono wangu, enzi tunazunguka mikoani kutafuta wajumbe. Alinitazama nikichomeka sindano akaniuliza kama damu hiyo naipeleka maabara kweli, au naenda kuungia kitoweo changu cha mbwa. Mimi Mhehe, yeye Mngoni, watani wa tangu enzi za mababu. Nikamjibu kwamba natafuta tu kujua damu ya watu waliokuja mbio kutoka kusini bila kugeuka nyuma inafananaje. Alicheka hadi sindano ikataka kuchomoka.

Damu ile tuliirudisha utotoni. Ndiyo kazi yetu: unachukua seli ya damu iliyokwisha kukua na kujijua, unaibembeleza hadi isahau ilichokuwa, inakuwa seli shina, seli ambayo haijaamua bado iwe nini. Kisha unaifundisha kuwa moyo. Wiki kadhaa unaitazama tu, haina la kusema. Siku moja unaingia asubuhi unakuta inadunda, na hakuna aliyeiamuru.

Miaka yote hiyo Bi Leokadia alikuwa akisimamisha watu njiani kuwaambia yeye ni mbunge, kiti chake kiko kwetu Dodoma. Alifariki mwezi uliopita, kwa kiharusi. Moyo wake wa pili ukabaki kwetu ukifanya kazi, na kwa sheria ulikuwa bado mjumbe.

2

Dk. Kamugisha, mkurugenzi wetu, alifunga mlango wa ofisi yake kwa upole, nikajua mambo si mazuri. Akifoka huwa kuna nafuu.

Alinieleza alichomaanisha. Kampuni ya Tulizo ilikuwa imeiondoa dawa yake barazani dakika chache kabla ya tamko, na dawa ikiondolewa kabla ya tamko ni kama haikufika. Matokeo yanafungwa, hakuna ruhusa ya kuyataja nje. Wataileta upya baada ya wiki mbili. Wakati huo mjumbe wa Songea atakuwa amestaafu, maana mtu aliyetoa damu akifariki, moyo wake hurudishwa kwa jamaa zake uzimwe na kuzikwa siku ya kuondoa matanga, pamoja na seli zake zote zilizohifadhiwa kwenye barafu. Sheria hiyo waliidai wananchi wenyewe, na mimi niliiunga mkono. Mtu hawezi kumaliza msiba huku moyo wa marehemu unadunda mkoa mwingine.

Nilimweleza tatizo liko wapi, ingawa alilijua. Kila moyo ukishadunda, seli zake zina milango midogo ya kutolea umeme ili zitue na kujiandaa kwa pigo linalofuata. Tulizo inaiziba milango hiyo kidogo. Wengi wetu tuna mingine ya akiba. Bi Leokadia alizaliwa na michache, na jambo hilo linarithiwa. Kuna watu kama yeye kule Ruvuma, hatujui wangapi. Wapimwe kwanza, nikasema. Kipimo tunacho, ni tone la damu tu. Atakayekutwa na milango michache apewe dawa ya zamani.

Akaniuliza vipimo vitafika vijijini lini. Nikasema miezi minne, mitano. Akaniuliza mvua zinaanza lini.

Sitamsingizia. Kamugisha si mtu mbaya na kampuni haikumnunua. Mwaka jana mvua zilipoanza na homa ikapanda kutoka mabondeni, alimzika mpwa wake, mtoto wa dada yake wa pekee.

"Uliingia wodi za watoto mwaka jana?" aliniuliza.

"Niliingia."

"Basi niambie, Dokta Tulalumba. Wale akina mama nitawatazama vipi usoni niwaambie tumesubiri kwa ajili ya punje moja ya nyama?"

Lilikuwa swali la haki. Lakini nilikuwa nimekasirika, na hasira ikanipa la kusema.

"Waambie tumesubiri ili tusiwaue wengine kwa mikono yetu. Homa inaua bila kutuuliza. Hii tutakuwa tumewapa sisi, kwenye kikombe, na kuwaambia ni salama."

Kisha akasema kwamba dawa itaanza kugawiwa kwa wajawazito wa mikoa ya kusini, kwamba uamuzi si wangu wala wake, na kwamba kwa desturi ya taasisi mkuu wa mioyo ndiye humpeleka mjumbe aliyestaafu nyumbani kwao. Yaani mimi. Yeye pia angekuja, kutoa pole rasmi.

Nilirudi chumbani nikaisoma tena ile sheria, ukutani, mahali ilipobandikwa, ambapo kila mtu hupita bila kuitazama. Waliotunga walitaka kuwaridhisha Waislamu na Wakristo na makabila yote, kwa hiyo hawakuandika siku arobaini wala siku ngapi. Waliandika tu kwamba mjumbe anabaki mjumbe hadi matanga yake yaondolewe.

3

Nyumbani kwa akina Tawete ni nje kidogo ya mji wa Songea, kwenye mteremko wa migomba na kahawa. Nilifika siku moja kabla ya shughuli, kibebeo mapajani njia nzima. Ni kisanduku chenye dirisha la kioo, joto lake na chakula chake, na swichi moja pembeni ambayo mtoto wa kwanza wa marehemu ndiye huizima.

Mtoto huyo anaitwa Gaudensia. Mwalimu, mwembamba, tofauti kabisa na mama yake isipokuwa macho. Tumbo lake lilikuwa limeshatangulia mbele. Alinipokea kwa adabu, akanikaribisha kiti, akaleta uji. Kibebeo hakukitazama. Nilipokiweka mezani aliomba nikifunike na kanga.

Nilimwambia kila kitu, mchana ule ule, jikoni. Nilivunja siri ya Baraza bila hata kushusha sauti. Nilimwambia mama yake ameikataa dawa, na kwamba kesho akizima ile swichi hakutabaki wa kuikataa tena. Nikamwambia pia kwamba damu yake mwenyewe inaweza kukuzwa moyo ukakaa kwenye kiti cha mama yake, kama amerithi, lakini kazi hiyo ni ya miezi, na katikati hapo kiti hakitakiwi kuwa wazi.

Alisikiliza huku akichambua mchele. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Sawa. Mimi sitaimeza. Nimekuelewa na nakushukuru. Limekwisha."

"Na wengine?"

"Dokta, mama yangu alipika ugali wa watoto mia tano toka sijazaliwa. Alikuwa anaamka giza. Amekufa, mnamwamsha tena afanye kazi." Mikono yake ikaacha kuchambua. "Mimi silali. Kila nikifumba macho nauona unadunda huko kwenu, peke yake, kwenye kioo. Nataka alale. Na mimi nilale."

Ningeweza kumwambia kwamba kipande kile hakina mawazo, hakina upweke, hakijui kama ni cha mtu. Ni kweli, na ningekuwa mpumbavu kuisema. Nilimsaidia kuchambua mchele. Baadaye alipotoka, nilijiona mshenzi. Nimekuja kwenye msiba wa watu na mzigo ambao hawakuuomba, na nilikuwa najua moyoni kwamba kesho sitautua.

4

Asubuhi watu walijaa. Kashimo kadogo kalikuwa kameshachimbwa pembeni ya kaburi la Bi Leokadia, padri ameshasali, chungu kikubwa cha mwisho kiko jikoni. Mzee Otmari, baba mdogo wa Gaudensia, ndiye aliyesimamia. Mkurugenzi alifika na suti nyeusi na shada la maua, akaketishwa mbele, kwenye kochi walilolitoa ndani.

Gaudensia alipokea kibebeo kutoka mikononi mwangu. Alikifunua. Watu wakasogea, wengine wakajifunika midomo, maana ulikuwa unaonekana kabisa, kile kipande kidogo, kikidunda kwa bidii. Kidole chake kikaenda kwenye swichi.

Hapo nikapita mbele, nikaketi chini kwenye udongo uliochimbuliwa, miguu yangu nikaitumbukiza ndani ya shimo.

"Huyu hazikwi," nikasema. "Mimi mtani wake. Simruhusu."

Watu wakacheka, wakacheka kwa raha ya watu waliolia mwezi mzima. Walikuwa wanasubiri mtani atokee na hakuna aliyetokea. Mama mmoja akaniuliza kama nimekosa mbwa huko Iringa hata nimekuja kula maiti. Nikamwambia akae kimya, ukoo wake ndio uliokula panya wa wilaya hadi wakaisha. Gaudensia naye akatabasamu kidogo, kidole bado kwenye swichi. Nadhani aliona kwamba nimekuja kumfurahisha.

Mzee Otmari alifanya inavyotakiwa, maana msibani mtani ana ruhusa ya kuzuia maziko hadi ahongwe. Akaagiza niletewe kuku, nitoke. Kuku akaletwa, nikamweka kando. Haitoshi. Wakaleta kikombe cha pombe ya komoni, nikakinywa, nikasema haitoshi. Wakaleta kitenge cha marehemu mwenyewe, kizuri, cha zambarau. Nilikikunja vizuri nikamrudishia aliyekileta.

Kicheko kikaanza kupungua. Mtani hudai, lakini kuna mahali hufika akaridhika, kila mtu anapajua, na mimi nilikuwa nimeshapapita.

"Unataka nini sasa, Mhehe?" aliuliza Mzee Otmari. Utani ulikuwa umemtoka.

"Nataka mnijibu, baba. Nani katika ukoo huu amewahi kunywa dawa kali ya homa akazimia? Au akashtushwa na kitu tu, akaanguka chini kama mfu, kisha akaamka?"

Dk. Kamugisha alikuwa amesimama. Aliniita kwa jina langu kamili, mara mbili. Akasema ninavunja kiapo na kwamba leo hii hii nimejifukuzisha kazi. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba niko kwenye matanga ya mtani wangu, na kwamba hapa hata yeye hawezi kuninyamazisha, aulize yeyote. Alimgeukia Mzee Otmari kutafuta msaada. Mzee alimtazama kama mtu anayeona fundi wa umeme akipanda juu ya paa bila viatu. Hakunipenda wakati ule, lakini kunitoa hakuweza. Desturi hiyo ni nzito kuliko sisi wote.

Nikasema yote. Sikutumia maneno ya maabara. Nilisema kuna dawa inakuja, nzuri kwa watu wengi, itaokoa watoto wengi, na mimi mwenyewe nitampa mwanangu. Lakini kwa mtu mwenye moyo kama wa Bi Leokadia itausimamisha. Mioyo yote ya Baraza iliipitisha isipokuwa wake. Ukizimwa leo, dawa itakuja kwenu bila kipimo, na waliozaliwa nao hawatajijua mpaka wameimeza.

Upepo ulikuwa unavuma kwenye migomba. Gaudensia hakuwa anatabasamu tena, alikuwa ananitazama kwa chuki niliyoistahili, na nikaona kidole kinaanza kubonyeza.

Kisha mwanamke wa makamo, aliyekuwa ameketi nyuma kwenye mkeka na wapishi, akasema taratibu, "Mimi."

Alikuwa Eutropia, mdogo wake Bi Leokadia. Alisema akiwa msichana kengele ya shule ilimwangusha, wakamwagia maji, na watu wakasema ana mapepo. Alipelekwa kwa waganga hadi akaacha shule. Hakuwahi kulisema mbele za watu tangu hapo. Alipomaliza, kijana mmoja wa upande wa kwaya akanyoosha mkono, halafu akaushusha, halafu akaunyoosha tena. Yeye alizimia mtoni. Mama mwingine hakujitaja yeye, alimtaja bintiye aliyelala na hakuamka, baada ya kupewa vidonge hospitali, na wakati huo walimshitaki jirani kwa uchawi. Jirani huyo alikuwepo. Alikuwa amekaa chini ya paa la jiko, mzee sana sasa, na alianza kulia bila sauti.

Nilichimba udongo kwa vidole kwa sababu sikujua nitazame wapi. Nilikuwa nimekuja kuokoa watu ambao hawajafa, kumbe kuna waliokwisha kufa, na waliokwisha kusingiziwa.

Gaudensia alimtazama mama yake mdogo. Akamtazama yule kijana wa kwaya. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya tumbo, na sidhani kama alijua uko hapo. Alisema kitu kwa Kingoni, kwa sauti ndogo, akikielekeza kwenye dirisha la kioo, na sikukielewa, wala sikumwomba aliyekuwa karibu anitafsirie.

Kisha akaondoa kidole kwenye swichi.

"Matanga hayaondoki," alisema.

Mzee Otmari alimwambia watu wamechoka, wana mashamba, kuna harusi ya mwanawe imesubiri mwezi mzima. Gaudensia akamjibu kwamba anajua, na kwamba yeye ndiye atakayechoka kuliko wote. "Harusi isubiri, baba. Hapa kuna msiba."

Mzee alikaa chini. Kisha akawaambia wanawake waongeze maji kwenye chungu.

Mkurugenzi alikuwa bado amesimama, shada mkononi. Alisema, na sauti yake ilikuwa ya kweli, kwamba watoto watakufa mvua zikianza, na akamuuliza Gaudensia kama yuko tayari kuubeba mzigo huo. Gaudensia alikuwa mwalimu, watoto hao alikuwa akiwajua kwa majina.

"Nitaubeba," alisema. "Nawe ubebe wako. Leta vipimo. Ukivileta kesho, kesho kutwa naondoa matanga. Ukivileta mwakani, nitavaa nguo hizi hadi mwakani, na mama ataendelea kukaa barazani kwenu akiwakatalia. Mlimpa kiti wenyewe. Na mkija kuchukua damu zetu mje na sindano za kutosha, sisi hapa ni wengi."

Dk. Kamugisha aliweka shada juu ya kaburi kubwa. Akainama, kisha akaelekea kwenye gari lake bila kuniangalia.

Gaudensia alikuja hadi kwenye shimo. Alinipa kibebeo kwa mikono miwili, na ndani ya kioo ule moyo ulikuwa hauna habari, unadunda tu.

"Inuka kwenye kaburi la mama yangu, we Mhehe," akasema. "Mrudishe kazini."